Msawazishaji wa Chombo, Daraja la Pili

Boti yetu ya mpira ni nyepesi kuliko maneno yaliyosemwa juu yake. Ukiitoa mashine, watu wanne wanaibeba begani bila kuhema. Mashine ndiyo nzito, na mashine inakaa nyuma, kama kwenye boti zote za aina hiyo. Hilo ndilo jambo lililoishinda kamati ya watu saba wenye vyeti kwa miezi saba mizima.

Mimi ni fundi wa kamba na mikanda kwenye bwawa la maji ya mji. Kitu chochote kikinyanyuliwa kwa winchi pale juu ya ukuta, pampu, bomba au boti, mikono iliyokifunga ni yangu. Boti inahitajika kila asubuhi. Chini ya ukuta kuna mlango unaovuta maji kwenda kwenye mabomba ya mji, na mbele ya mlango kuna wavu wa chuma unaonasa majani, matawi, ndala na kila takataka ambayo binadamu anaweza kuitupa majini. Wasafishaji wawili wanashuka kwa ngazi ya chuma. Boti haijui kushuka ngazi, na ukuta umesimama wima, basi tunaishusha kwa winchi.

Ufungaji wake hauna uchawi. Boti ina pete nne za chuma, mbili mbele na mbili nyuma, zimegandishwa kwenye mpira kwa gundi na kiraka kinene. Kila pete ina mkanda wake, na mikanda yote minne inakutana juu kwenye ndoano moja. Kwa sababu mashine iko nyuma, mikanda ya nyuma inakuwa mifupi na ya mbele mirefu, ili ndoano ikae juu ya pale penye uzito. Ukifanya hivyo boti inapanda imelala sawa kama sinia la chai. Niliishusha na kuipandisha hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyenipongeza wala kunilaumu, ambayo kwa kazi yangu ndiyo sifa kubwa.

Halafu akaja mkaguzi. Alikuwa na futi kamba mfukoni, na mtu mwenye futi kamba lazima apime kitu. Alipima mikanda, akaandika maneno mawili kwenye fomu: "Mikanda haifanani." Akanywa chai, akaondoka.

Mkuu wetu wa kituo ni mtu ambaye karatasi ikipepea anasimama kuipisha. Tunamwita Bwana Rejea, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kusema "rejea barua yangu ya tarehe fulani." Aliposoma yale maneno mawili alikosa usingizi. Mikanda mipya ikaagizwa, minne, urefu mmoja hadi mshono wa mwisho, imefungwa kwenye nailoni pamoja na cheti chenye muhuri. Ile ya zamani ikakatwa vipande kwa mkasi mbele ya mashahidi wawili, na mimi nikawa shahidi wa kwanza. Nilisaini. Kumbukeni hilo mkianza kunionea huruma.

Siku ya kwanza ya mikanda mipya, boti ilipotoka chini tu, nyuma ikazama na mbele ikatazama mbinguni. Mashine ikabaki inaning'inia, na mafuta yakaanza kudondoka.

"Mbona imekaa hivyo?" akauliza Bwana Rejea.

"Kwa sababu mikanda inafanana, Mkuu."

"Fundi, mikanda imethibitishwa."

"Imethibitishwa kwamba inafanana. Boti ndiyo haifanani, mbele nyepesi, nyuma nzito. Nipe ruhusa nifupishe ya nyuma."

Alinitazama kama mtu aliyeomba kukata mguu wa meza ya kiapo. "Hiyo ni kutengua ukaguzi," akasema. "Suala hili linahitaji kamati."

Kamati ilikaa siku tatu. Sikualikwa, maana nilikuwa mhusika, na mhusika anaweza kuelemea upande mmoja. Wakafikia uamuzi kwamba mikanda haina kosa lolote, ila boti ina upungufu wa uzito sehemu ya mbele. Mmoja wao akashauri mawe. Mawe yakajadiliwa asubuhi nzima, yakakataliwa kwa hoja kwamba jiwe likianguka haliwezi kuandikiwa barua ya kujieleza. Kinachoweza kuandikiwa barua ni mtu. Wakaamua awekwe mtu.

Msidhani natia chumvi. Tangazo lilibandikwa langoni na lilikaa pale wiki mbili: Msawazishaji wa Chombo, Daraja la Pili. Awe na uzito wa kilo sabini na nane hadi themanini na mbili. Awe mtulivu. Awe tayari kukaa. Nilimuuliza karani wa ofisi aliko Msawazishaji wa Daraja la Kwanza, akaniambia nafasi hiyo imeachwa wazi kwa ajili ya kupandishwa cheo.

Pale kwenye winchi kulikuwa na maandishi mekundu niliyoyapaka mwenyewe kwa brashi: HARUHUSIWI MTU KUWA NDANI YA BOTI INAPONYANYULIWA. Bwana Rejea akaleta mchoraji wa mabango akaongeza chini yake, kwa herufi nzuri kuliko zangu: ISIPOKUWA MSAWAZISHAJI.

Sasa nifike kwa mume wangu, maana siwezi kumkwepa milele.

Kiwanda cha mbao alichokuwa anafanyia kazi kilifungwa, akakaa nyumbani miaka mitatu. Si kwamba alikuwa mvivu. Alizunguka na bahasha mpaka soli za viatu zikaisha, na kila mahali aliambiwa tutakupigia. Mwishowe akaacha kuzunguka, akawa anakaa kwenye kochi, upande wa dirishani, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nami nina mdomo. Nikirudi kazini nimechoka namkuta palepale, namwambia, "Naona kochi limezaa." Au, "Leo umehama mto au ni uleule?" Alikuwa anacheka. Mtu akicheka unadhani hajaumia, unaongeza.

Nilipoliona lile tangazo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaacha kucheka. Kilo themanini, mtulivu, tayari kukaa. Nikachukua fomu, nikampelekea nyumbani.

"Ni kazi gani hii?" akauliza.

"Ya kukaa," nikamwambia. "Uzoefu unao."

Aliisoma kimya, mara mbili. Akaniangalia juu ya karatasi kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Wewe ndiye unafunga hiyo boti, si ndiyo?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Basi sawa," akasema, akaomba kalamu.

Nilimpima mwenyewe kwenye mizani ya stoo. Kilo themanini na nusu. Waombaji wengine kumi na wawili walikuwa wembamba au waongo, mmoja alikutwa na misumari mfukoni. Mume wangu akaajiriwa. Akapewa suti ya kazi ya buluu, jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, na kitambulisho chenye cheo kirefu hadi kikaandikwa kwa mistari mitatu. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akija kwetu na kuguna tu, akaja akipiga vigelegele, akakishika kile kitambulisho kama mjukuu mpya. "Mwanangu anasawazisha chombo cha serikali," akawaambia majirani. Majirani wakauliza kusawazisha ni kufanyaje. Akawaambia ni mambo ya kitaalamu.

Basi kila asubuhi kazi ikawa hivi. Boti inalala juu ya ukuta kwenye matairi mawili. Mume wangu anaingia, anakaa mbele kabisa, magoti pamoja, mikono mapajani. Mimi nafunga mkanda mmoja mmoja kwenye pete yake, naukagua, naunganisha yote kwenye ndoano. Nampa ishara mwendesha winchi, kidole juu. Boti inapanda, inageuzwa nje ya ukuta, na mume wangu anakaa hewani, chini yake mita kumi na tisa hadi kwenye maji, huku mimi nimeshika kamba ya kuongozea ili asizunguke. Kisha kidole chini. Akifika majini kazi yake imekwisha, anapanda ngazi, anakaa kivulini mpaka jioni, ambapo anashuka tena ili anyanyuliwe.

Mwendesha winchi, anayeniita dada, alikuwa haishiwi maneno. "Shemeji leo mzito! Jana ulikula nini?" Mume wangu anampungia mkono kutoka hewani, bila kutikisika, maana akitikisika boti nayo inatikisika.

Kila Jumatatu alipimwa. Wiki moja akashuka hadi sabini na saba, akaandikiwa onyo. Mama mkwe akahamia jikoni kwangu kwa siku nne, akampikia na kumsimamia kama mtoto anayeota meno. Jumatatu iliyofuata akawa themanini na tatu, akaandikiwa onyo jingine. Siku nyingine aliumwa tumbo, hakuweza kutoka kitandani. Boti haikushuka, wavu ukaziba, mji mzima ukakosa maji tangu saa tano. Ofisi ikatoa tangazo kwamba kuna hitilafu ya kiufundi. Hitilafu ya kiufundi ilikuwa imelala kwangu imejifunika shuka, inakunywa maji ya chumvi na sukari.

Nilikuwa nacheka. Nataka niseme ukweli, nilicheka miezi saba. Nilikuwa na stori kila siku, wenzangu wakinizunguka wakati wa chai niwaigizie Bwana Rejea akipokea taarifa ya uzito. Na kila asubuhi nilifunga ile mikanda nikijua haifai, nikimnyanyua mtu juu ya ndoano, jambo ambalo nilifundishwa kwamba ukilifanya unafukuzwa siku hiyohiyo. Nilijiambia kwamba angalau anatoka nyumbani. Nilijiambia amenenepa, anatabasamu, anavaa saa. Ningefupisha mikanda ya nyuma kesho yake kazi yake ingekufa. Nani angetaka kuwa mke wa aina hiyo? Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiamini.

Siku moja, Alhamisi asubuhi, nilikuwa nafunga pete ya mbele upande wa kulia, sentimita chache kutoka kwenye goti lake, nikaona kiraka kimenyanyuka pembeni. Kucha ya kidole changu iliingia chini yake. Gundi imechoka. Zile pete za mbele zilitengenezwa kushika mpira mtupu na hewa, si kilo themanini za mtu kila asubuhi na kila jioni.

"Kuna nini?" akauliza mume wangu.

"Hakuna kitu. Shuka."

"Nishuke?"

"Nimesema shuka kwenye boti!"

Nikaenda ofisini mbio. Bwana Rejea alikuwa anapanga pini kwenye kopo mezani. Nikamweleza kwamba kiraka kimeachia, kwamba pete ikitoka boti itapinduka hewani, na mtu aliye mbele ataanguka kichwa chini, na kwamba pale chini kuna wavu wa chuma.

"Umeandika?" akauliza.

"Nakwambia kwa mdomo, Mkuu. Kinabanduka."

"Andika. Kamati inakaa Jumanne."

"Na leo? Na kesho?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona akikunja uso. "Kwa muda huu," akasema, "Msawazishaji apunguze kilo tano."

Nilitaka kumrushia lile kopo la pini. Badala yake nilisema asante, nikatoka, nikaandika kwenye ubao wa winchi kwamba winchi ina hitilafu. Mwendesha winchi akanitazama, akaelewa, akatoa fyuzi akaitia mfukoni. "Itakuwa mbovu mpaka lini, dada?"

"Mpaka Jumatatu."

Ijumaa nilikikwangua kile kiraka na mwenzake wa upande wa pili, nikasugua mpira, nikapaka gundi mpya, nikabana kwa mbao na vibanio, nikaacha vikauke siku mbili. Wavu tuliusafisha kwa kulabu ndefu kutoka kwenye ngazi, kwa matusi mengi. Jumatatu alfajiri niliingia stoo nikachukua vipande viwili vya mnyororo wa kunyanyulia pampu, nikavifunga kati ya mikanda ya mbele na ndoano. Mikanda yote minne ilibaki na urefu wake mmoja na cheti chake chenye muhuri. Mbele tu ndiko kulikorefuka, kwa mnyororo, na hakuna fomu yoyote duniani iliyosema neno juu ya mnyororo.

Ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Ilinichukua robo saa.

Saa mbili walikuwepo wote: Bwana Rejea, karani wake, wasafishaji wawili, mwendesha winchi na fyuzi yake. Mume wangu akaja amevaa jaketi lake la chungwa, akaelekea kwenye boti kama kawaida. Nikamzuia kwa mkono.

"Leo hapana."

Nikainua kidole. Winchi ikaguna, boti ikapanda tupu, ikalala sawa kabisa hewani. Mafuta hayakudondoka hata tone. Wasafishaji wakapiga makofi. Ikazunguka nje ya ukuta ikashuka polepole ikaketi juu ya maji.

Bwana Rejea aliinama ukutani akaitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri alipuke. Hakulipuka. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Nzuri," akasema. "Sasa ipandishe tena, ifanyike kwa utaratibu. Na Msawazishaji awemo."

"Mkuu, akiwemo, mbele itainama."

"Itainama?"

"Itainama mbele. Uzito wake hauhitajiki tena."

"Cheo kipo kwenye muundo, fundi. Hakiwezi kukaa bila mtu, na mtu hawezi kuwa na cheo bila kukaa." Akageukia karani. "Kama mbele itainama, maana yake kuna upungufu nyuma. Andika. Tutahitaji Msawazishaji wa Nyuma." Kisha, kwa wema mkubwa, akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini. "Wewe una kilo ngapi?"

Karani alikuwa ameshaanza kuandika. Mwendesha winchi aligeuza uso akakohoa. Na mimi, naapa, nilikuwa tayari na jibu, jibu kali, la kusimuliwa wakati wa chai mwaka mzima. Nilifungua mdomo.

Mume wangu akaondoka. Alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya daftari la karani, akatembea juu ya ukuta kuelekea langoni, jaketi la kuelea likiwa bado mwilini.

Nilimkimbilia. Nilimkuta kwenye ngazi za zege kando ya nyumba ya pampu, amekaa, anahangaika na vifungo vya jaketi.

"Wewe, usikasirike," nikaanza. "Najua nimekuharibia kazi. Lakini kile kiraka..."

"Kiraka nilikiona Jumatano," akasema. "Kabla yako."



"Ulikiona ukanyamaza?"

"Na mikanda najua. Mimi si mjinga, mama watoto. Ulipokuwa unasomea cheti chako, nani alikuwa anakushikia kitabu? Ulifunga pasi ya nguo kwa nyuzi nne pale mezani, fupi nyuma, ndefu mbele, ukanionyesha mara ishirini. Siku ile uliyoniletea fomu nilijua kazi yenyewe ni upuuzi."

"Sasa ukakubali ya nini?"

Chini yetu wasafishaji walikuwa wameshaanza kuukwangua wavu, chuma kwa chuma.

"Nilidhani siku ya kwanza tu," akasema. "Nikajua nikikaa pale mbele, utanitazama, utasema hapana, mume wangu simnyanyui hivi. Hukusema. Nikadhani ya pili. Kila asubuhi nilikuwa naangalia mikono yako inavyofunga, nasubiri isimame. Baadaye nikasema labda amechoka kuniona kwenye lile kochi. Labda kwake ni afadhali."

Kifungo cha jaketi kilikuwa kimekwama. Nilipiga magoti kwenye zege nikakifungua kwa mikono ileile ambayo kwa miezi saba ilimfunga kwenye ndoano asubuhi na jioni bila kusimama hata mara moja.